KUPIGA KURA MARA YA PILI
Kwa nini neno moja huulizwa mara mbili

Mnarani ni mahali panapojulikana na kila msafiri wa pwani yetu. Pako upande wa kusini wa hori ya Kilifi, karibu na magofu ya misikiti ya kale, na kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991 kila aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alisimama hapo kungoja feri. Katika mkutano mmoja wa hadhara uliofanywa huko, watu walikuwa wakimchagua mwenyekiti wa kamati yao. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, kisha karani akatangaza kuwa watu watapiga kura tena baada ya adhuhuri, na safari hii majina yatakuwa mawili tu. Hapo mzee mmoja alisimama, akaegemea bakora yake, akauliza:

"Mwanangu, asubuhi mmetuuliza tunamtaka nani, tukawajibu. Sasa mwatuuliza tena. Je, jibu letu la kwanza hamkulisikia, au hamkulipenda?"

Watu walicheka sana. Karani alijibu kwa adabu, "La, mzee wangu, tumelisikia. Ila halikutosha."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno, na mzee aliketi bila kuridhika. Wengi wa wasomaji wetu huenda wana swali kama lake, maana desturi ya kupiga kura kwa duru, yaani mara ya kwanza, ya pili, na pengine ya tatu, imo katika sheria kuu ya nchi na imo katika vyama vidogo vidogo vya vijijini. Basi tulirefushe kidogo jibu la yule karani.

Maana mbili za neno "wengi"

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na kwa miaka mingi neno lililonisumbua kuliko yote katika habari za uchaguzi ni hili neno jepesi, "wengi". Husemwa kwamba fulani amechaguliwa na wengi. Lakini wengi gani? Ziko maana mbili, na Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa zote mbili.

Maana ya kwanza ni kuwatangulia wenzako. Watu watano wakishindana, mmoja akapata kura 31 na wengine wanne wakagawana 86 zilizosalia, na hakuna hata mmoja wao aliyefika 31, basi yule wa kwanza amewatangulia wote. Maana ya pili ni kuvuka nusu. Kura zote katika mfano huo ni 117, na mwenye kuvuka nusu ni yule aliyepata 59 au zaidi. Mwenye kura 31 ametangulia, lakini yu mbali sana na nusu, na waliomkataa ni karibu mara tatu ya waliomtaka.

Hesabu hiyo sikuitunga. Niliishuhudia katika chama kimoja cha akiba ambacho sitakitaja, siku ya kumchagua mweka hazina. Aliyetangulia akapewa kazi, wala hakuna aliyevunja kanuni yo yote. Lakini miezi michache baadaye alipowaomba wanachama mchango wa kuezeka paa la ofisi, wengi walimjibu kuwa wao hawakumchagua. Naye hakuwa mwizi, masikini, wala hakuwa mvivu. Kosa lilikuwa la hesabu ya siku ile ya kwanza. Paa halikuezekwa mpaka masika yakapita.

Kwa sababu hii watu wa nchi nyingi walifikiri njia ya kumpata mtu aliyevuka nusu. Mara ya kwanza wote hushindana. Akitokea mmoja aliyevuka nusu, kazi imekwisha. Asipotokea, wale wa nyuma huondolewa, wakabaki wawili wa mbele, na watu huulizwa tena. Kati ya wawili, isipokuwa kura zikilingana, hapana budi mmoja avuke nusu ya kura zilizo halali. Hiyo ndiyo iitwayo duru ya pili. Karani aliposema kuwa jibu halikutosha, maana yake ni kwamba watu walitaja majina mengi mno, na hakuna jina lililobeba nusu yao.

Mfano wa kioski cha maji

Msomaji asidhani kuwa duru ya pili huondoa shida zote. Tuweke mfano, naye achukue kalamu na karatasi afuatane nasi.

Tuseme watu 90 wa kijiji kilicho juu ya mwinuko wa hori wanataka kuchagua mahali pa kujenga kioski cha maji. Fedha zinatosha kioski kimoja tu. Mahali panapotajwa ni patatu: ufukoni chini, njia panda katikati, na shuleni juu. Watu 38 wanataka ufukoni, na kama hapawezekani wangependa njia panda, maana shuleni ni mbali nao. Watu 32 wanataka shuleni, na kama hapawezekani wangependa njia panda. Watu 20 wanataka njia panda, na kama hapawezekani wangechagua shuleni, ambako watoto wao huenda kila siku.

Wakipiga kura mara moja tu, ufukoni patashinda kwa kura 38. Watu 52 watapanda mlima na madumu ya maji vichwani, na twajua kwamba wapandao mlima na madumu ni kina mama na wasichana, ambao pengine mkutanoni hawakupewa nafasi ya kusema.

Wakipiga kura kwa duru mbili, njia panda pataondolewa, kwa kuwa pana kura chache kuliko pote. Wale 20 watahamia shuleni, na shuleni patashinda kwa kura 52 dhidi ya 38. Nusu imevukwa, na kila mtu atasema haki imetendeka.

Lakini sasa tazama jambo la ajabu. Tuwaulize watu wale wale swali jingine: kati ya njia panda na shuleni, mwapenda wapi? Wale 38 wa ufukoni watasema njia panda, wale 20 watasema njia panda, jumla 58. Shuleni patapata 32 tu. Tuwaulize tena: kati ya njia panda na ufukoni? Watu 52 watasema njia panda, na 38 watasema ufukoni. Kumbe mahali palipoondolewa kwanza ndipo panaposhinda kila pengine pakilinganishwa papo kwa papo!

Hakuna mtu aliyebadili nia yake. Watu ni wale wale, na mapenzi yao ni yale yale. Ilibadilika njia ya kuuliza tu, na kioski kikahama kutoka ufukoni hadi shuleni hadi njia panda. Ndiyo maana wataalamu hawakubaliani hata leo juu ya njia iliyo bora kuliko zote, na ndiyo maana mtu mwerevu akishindwa kuwabadili watu nia, hujaribu kubadili mpango wa mkutano. Msomaji aliye katibu wa kamati yo yote, na aangalie sana jambo hilo.

Mambo yaliyotokea Kenya

Tuiache mifano tutazame historia. Katika uchaguzi wa Rais wa Kenya wa mwaka 1992, uliokuwa wa kwanza baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena, hapakuwa na sharti la kuvuka nusu. Sharti lilikuwa kuwatangulia wenzako, na pamoja na hilo kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Bwana Daniel arap Moi alipata kura kama 36 katika kila 100. Wapinzani wake watatu wakubwa, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga, waligawana kama 26, 19 na 17. Msomaji ajumlishe mwenyewe. Mwaka 1997 mambo yakawa vivyo hivyo: Bwana Moi alipata kama 40 katika kila 100, nao waliompinga walikuwa wametawanyika. Hatuwezi kusema nani angeshinda kama ingalikuwapo duru ya pili, kwa kuwa wafuasi wa mtu mmoja hawahami wote kama kundi la mbuzi kumfuata mwingine. Ila hapana shaka kwamba swali hilo liliwakaa watu moyoni kwa miaka mingi.

Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 ililijibu. Mtu hawi Rais mpaka apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, uchaguzi mwingine hufanywa katika muda wa siku 30, na wanaoshindana ni wawili wa mbele tu. Katika duru hiyo aliyepata kura nyingi kuliko mwenzake ndiye Rais.

Jambo moja husahauliwa. Mpiga kura wa wadi ya Mnarani, iliyo katika eneo bunge la Kilifi Kaskazini, katika uchaguzi wa mwaka 2022 alipewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge na ya Mwakilishi wa Wadi. Katika hizo sita, ni ile ya Rais peke yake yenye sharti la nusu. Hao watano wengine huchaguliwa kwa kutangulia tu. Mbunge aweza kuingia Bungeni kwa kura 30 katika kila 100, na mambo yakaishia hapo.

Je, duru ya pili ya Rais imepata kufanywa Kenya? Haijapata hata mara moja tangu Katiba hiyo ianze kutumika. Mwaka 2013 ilikaribia sana. Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na kura 6,173,433, nazo zilikuwa 50.07 katika kila 100. Alivuka nusu kwa kura zaidi kidogo ya 8,000, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 12 waliojitokeza siku ile. Mwaka 2022 William Ruto alipata 50.49, na Raila Odinga 48.85.

Hesabu ile ya mwaka 2013 ilizua swali ambalo kila katibu wa mkutano yampasa alijue, nalo ni hili: nusu ya nini? Katika masanduku mlikuwa na karatasi 108,975 zilizoharibika. Je, zihesabiwe katika jumla, au zisihesabiwe? Tume ya uchaguzi ilizihesabu, na ndipo ikapatikana 50.07. Mahakama ya Juu ilipoulizwa ilisema kuwa karatasi iliyokataliwa si kura, kwa hiyo haifai kuingizwa katika hesabu hiyo. Jumla ikipungua, nusu nayo hushuka, na fungu la mshindi hupanda. Safari ile matokeo hayakugeuka, kwa sababu mshindi alikwisha vuka kwa hesabu zote mbili. Lakini angalikuwa na kura 10,000 pungufu, hesabu moja ingemwita Rais na nyingine ingewarudisha watu wote vituoni.

Wako pia wachanganyao duru ya pili na uchaguzi wa marudio. Mwaka 2017, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Rais uliofanywa mwezi wa Agosti, na mwingine ukafanywa tarehe 26 Oktoba. Hiyo haikuwa duru ya pili. Duru ya pili huja kwa sababu uchaguzi wa kwanza ulikuwa halali ila haukumtoa mtu aliyetimiza masharti. Marudio huja kwa sababu uchaguzi wa kwanza wenyewe umebatilishwa. Mimi mwenyewe nimesoma habari zilizofasiriwa ambamo mambo hayo mawili yamepewa jina moja, na si ajabu wasomaji wakikanganyikiwa.

Duru za namna nyingine

Kuna duru zilizokuja si kwa ajili ya kuwafanya watu wasikike vizuri zaidi, bali kwa ajili ya kuamua mapema nani atakayefika mbele yao.

Wazee wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1957, wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliwachagua wenyewe wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane, na mwalimu Ronald Ngala, mzaliwa wa upande wa Kaloleni, alishinda kile cha Pwani. Siku zile watu hawakuwa sawa mbele ya sanduku: mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake au utumishi wake.

Uchaguzi wa mwaka 1961 uliondoa kura tatu za mtu mmoja, lakini ukaleta duru mbili za namna ya pekee. Viti vya majimbo vilikuwa 53. Katika hivyo 33 vilikuwa wazi kwa wote, na 20 viliwekwa akiba: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia, na 2 vya Waarabu. Anayetaka kiti cha akiba alipigiwa kura kwanza na watu wa kabila lake peke yao, na ilimpasa apate angalau robo ya kura zao. Akiipata, alikwenda mbele ya wapiga kura wote wa jimbo. Katika Bonde la Ufa, Michael Blundell aliipata robo hiyo kwa shida, maana Wazungu wengi walimtaka Ferdinand Cavendish-Bentinck. Duru ya pili ilipofika, na Waafrika nao wakapiga kura, Blundell alishinda kwa kura nyingi mno. Wa pili wa duru ya kwanza akawa wa kwanza wa duru ya mwisho! Msomaji aone jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba: Blundell angalikosa kura chache tu za Wazungu, Waafrika wale maelfu wasingaliliona jina lake katika karatasi.

Mwaka 1988, wakati KANU ilipokuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria, duru ya kwanza ilikuwa mlolongo. Watu walipanga mstari hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wakahesabiwa. Aliyepata 70 au zaidi katika kila 100 alihesabiwa amekwisha chaguliwa, na katika jimbo lake duru ya pili, ile ya kura ya siri, haikufanywa. Ubaya wa jambo hilo hauhitaji maelezo marefu. Mtu aliyesimama mstarini alionekana na chifu, na mwajiri wake, na mwenye kumkopesha unga dukani. Tena mstari ukitawanyika hauwezi kuhesabiwa mara ya pili, wala hakuna karatasi ya kupeleka mahakamani. Malalamiko yalizidi, na mwishoni mwa mwaka 1990 mkutano wa KANU ukauondoa mlolongo pamoja na kanuni ya 70.

Bungeni nako hupigwa kura kwa duru. Tarehe 15 Januari 2008, siku ambazo nchi ilikuwa katika machafuko makubwa baada ya uchaguzi wa Desemba, wabunge walikutana kumchagua Spika. Duru mbili za kwanza zilitaka thuluthi mbili, na hakuna aliyezipata. Katika duru ya tatu, ambayo kutangulia kulitosha, Kenneth Marende alipata kura 105 na Francis ole Kaparo 101. Hapo twaona hekima ya kanuni kushuka ngazi: kwanza hutakwa makubaliano ya wengi sana, na yasipopatikana, Bunge halikai bila Spika.

Siku zilizo katikati

Duru ya pili ina gharama yake. Karatasi hupigwa chapa tena, makarani hulipwa tena, na mkulima huacha shamba tena. Huko Liberia mwaka 2005 George Weah alitangulia katika duru ya kwanza kwa kura 28 katika kila 100, na Ellen Johnson Sirleaf alikuwa nyuma yake kwa 20. Katika duru ya pili Bibi Sirleaf alishinda kwa 59, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Rais katika Afrika. Lakini watu waliojitokeza mara ya pili walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza.

Gharama iliyo kubwa zaidi ni ya amani. Jirani zetu wa Kongo walipiga kura tarehe 30 Julai 2006. Joseph Kabila, aliyependwa sana mashariki ambako watu husema Kiswahili, alipata 45 katika kila 100. Jean-Pierre Bemba, aliyependwa magharibi, alipata 20. Ilibidi wakutane tena. Mara matokeo yalipotangazwa mwezi wa Agosti, askari wa pande mbili walipigana kwa silaha katika mji wa Kinshasa, na watu wakafa. Wakati huo huo wale walioshindwa walikuwa wakitafutwa usiku na mchana. Antoine Gizenga, aliyekuwa wa tatu kwa kura 13 katika kila 100, aliwaambia wafuasi wake wamchague Kabila. Na Kabila aliposhinda duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba kwa 58, Gizenga akawa Waziri Mkuu. Hivyo wa tatu, ambaye jina lake halimo tena katika karatasi, aweza kuwa ndiye mwenye ufunguo. Wengine huona huko ni kuuza kura za watu. Mimi naona yategemea kama mapatano yametangazwa hadharani kabla watu hawajapiga kura, ili kila mmoja ajue anachonunua.

Januari 2011 Wakongo waliibadili katiba yao wakaifuta duru ya pili. Katika uchaguzi wa mwaka huo Kabila alitangazwa mshindi kwa 49 katika kila 100, na mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa kwa chini ya 39. Tanzania nayo iliacha sharti la nusu kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000. Basi si kila nchi iendayo mbele katika jambo hili. Nyingine hurudi, na kila moja ina sababu zake, nyingine za fedha, nyingine za mtawala.

Kabla ya masanduku

Wasomaji wa Kaloleni, Ganze na Malindi watasema kuwa wazee wao waliamua mambo bila karatasi. Ni kweli. Katika mabaraza ya wazee wa kaya shauri huzungushwa, kila mmoja akasema, likarudi, likazungushwa tena, na kila linaporudi neno moja huachwa. Hizo nazo ni duru, ingawa hakuna ahesabuye. Na neno likikatwa, hufungwa. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo wakaamua kutowapa Waingereza vijana wa kazi wala kodi, uamuzi ulifungwa kwa kiapo: cha fisi kwa wanaume, na cha mukushekushe kwa wanawake. Uamuzi huo ulishikwa kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua kaya kwa baruti.

Njia hiyo ina uzuri wake, kwa kuwa hakuna anayeondoka akisema hakuulizwa. Lakini huchukua siku nyingi, nayo hufaa pale ambapo waamuzi ni wachache na wanajuana. Tena yule anyamazaye huhesabiwa amekubali, ambapo pengine amenyamaza kwa kuwa ni mdogo, au ni mke wa mtu, au ana deni.

Ikiwa wasomaji wanataka kupiga kura kwa duru katika chama chao au kamati yao, haya ndiyo yaliyoonekana kufaa. Kabla jina lo lote halijatajwa, mkutano ukubaliane kama mshindi ni mwenye kutangulia au mwenye kuvuka nusu, na nusu hiyo ni ya waliohudhuria, ya waliopiga kura, au ya kura zilizo nzuri. Maneno hayo yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu na kusomwa kwa sauti. Wagombea wakiwa wengi na siku ni moja, ni afadhali kumwondoa wa mwisho mmoja mmoja kuliko kuruka mara moja kwenye wawili, ingawa mfano wetu wa kioski umeonyesha kuwa hata hivyo wa katikati aweza kupotea. Duru ya pili isicheleweshwe mpaka wanaokaa mbali wamekwisha kwenda zao; mikutano mingi imeamuliwa na giza la magharibi. Pasipo karatasi, mikebe na punje za mahindi hutosha, mradi mikebe iwe nyuma ya pazia, na kila mtu apewe punje moja mkononi mbele ya macho ya wote.

Kura zikilingana je? Jambo hilo nalo liandikwe mapema. Unguja na Pemba walipochagua wajumbe mwezi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22. Chama cha ASP kilipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zote mbili zikawa na 11, na serikali ikashindwa kuundwa. Ilibidi uchaguzi ufanywe upya mwezi wa Juni, viti vikiwa vimeongezwa kuwa 23, na safari hii palizuka ghasia zilizoua watu 68. Kiti cha Chake Chake katika uchaguzi ule wa Januari kilikuwa kimepatikana kwa kura moja tu.